Usukani unatetemeka ukifika 100? Kabla hujanunua tairi, kaangalie habu, kile chuma rimu inapofungwa

Habari zenu wadau. Leo naandika kuhusu gari kutetemeka ikiwa spidi kubwa, maana huu ugonjwa unakula hela za watu na mimi roho inaniuma kila nikiuona. Hapa Mtwara mjini husikii kitu, unatoka Shangani unapita Mikindani gari imetulia kabisa, sasa ukishaiacha Mikindani barabara ikafunguka kuitafuta Mnazi Mmoja njia ya Lindi, mshale unagusa 90 usukani unaanza kucheza mkononi, 100 kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka huoni vizuri lori la saruji lililo nyuma yako, halafu ajabu ukifika 115 inapungua. Mtu anakuja kwangu anasema fundi, nimebadili tairi mbili, nimebadili shokapu, tairodi, nimefanya alaimenti mara tatu, bado ipo.

Niseme kuhusu alaimenti tuimalize. Alaimenti inapanga tairi zielekee wapi. Ikiharibika gari itavuta upande mmoja, tairi itakula ndani au nje, usukani utakaa kombo. Kutetemeka sio kazi yake. Tairi ikishaliwa vibaya kwa sababu ya alaimenti mbovu, hapo ndo itatetemeka, lakini hapo hata ukipanga upya tairi imeshaharibika. Kwa hiyo mtu akikwambia gari inatetemeka kwa sababu ya alaimenti, muulize tairi amezikagua?

Sasa kwa nini 50 hakuna kitu na 100 kuna vita? Chukua Toyota IST yenye tairi za 185/65 R15. Tairi hiyo ina kipenyo cha kama sentimita 62, ikizunguka mara moja gari inasogea karibu mita 2. Kwenye spidi 100 inazunguka kama mara 14 kila sekunde. Ukiwa na gramu 20 tu zimezidi upande mmoja wa rimu, kwenye spidi hiyo zinavuta kama kilo 3, na zinavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Ukirudi 50 nguvu hiyo inashuka mpaka robo, ndo maana mjini husikii. Na hiyo ya kupungua ukipita 115, ni sawa na mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Kuna mwendo mmoja maji yanaanza kucheza yanamwagika, ukiongeza hatua au ukipunguza yanatulia. Chasisi ya mbele na usukani navyo vina mwendo wake wa kuchezea, kwenye gari ndogo nyingi unaangukia hapo 90 mpaka 110.

Kabla hujaleta gari kwa fundi yeyote, chunguza mwenyewe haya, hayana gharama. Inaanzia spidi ngapi, unaisikia wapi, na kitu gani ukifanya inabadilika. Ukiisikia mikononi kwenye usukani, mara nyingi tatizo liko tairi za mbele. Ukiisikia kwenye makalio na sakafu huku usukani umetulia, geukia nyuma. Halafu sehemu iliyonyooka, hakuna gari nyuma wala watoto wa shule pembeni, ukiwa kwenye spidi ile ile inayosumbua weka nyutro sekunde chache (usizime injini jamani, ukizima usukani unakuwa mgumu na breki inakosa msaada). Mtetemo ukibaki vile vile, ni kitu kinachozunguka pamoja na tairi. Ukikata, tunaangalia upande wa injini, mauntingi, giaboksi, na shafti zinazopeleka nguvu.

Ukikanyaga breki ndo unakuja, ukiachia unaondoka, hizo ni diski, tairi uziache. Na ukiwa unaupata baada ya kutembea dakika 20 au 30 wakati mwanzo haukuwepo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa inachoma kuliko wenzake, breki ya hapo imekamata haiachii. Hiyo usiendelee nayo mpaka Nangurukuru, tafuta fundi hapo hapo.

Kuna mtetemo mwingine unakuja ukikanyaga mafuta tu, unapanda kilima gari inatikisika kushoto kulia, ukiachia mafuta kimya. Kwenye gari zinazovuta mbele huo mara nyingi ni joint ya ndani ya shafti, ile iliyo upande wa giaboksi. Watu wanabadili ya nje kwa sababu ndo inayolia kata-kata-kata ukikata kona, wakati ya ndani hailii, inatikisa tu.

Na Hiace na pickup zenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma, zina lugha yao. Propela inazunguka kama mara 4 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo hata mtetemo wake sio wa kutikisa, ni wa kuvuma, unausikia kwenye sakafu na masikioni kama nyuki wamefungiwa chini ya siti. Hapo kagua krosi (viungo vya propela), kagua sentabeari (beari inayoishika katikati) na mpira wake. Na mafundi wenzangu, tafadhali, kabla hujafungua propela piga alama ya rangi pale inapokutana na difu ili irudi vile vile ilivyokuwa. Nimepokea Hiace ya kwenda Masasi ambayo ilikuwa nzima kabisa mpaka siku ilipobadilishwa krosi, propela ikarudishwa kinyume, dereva akahangaika nayo wiki mbili. Niliigeuza nusu mzunguko tu, ikatulia.

Lakini kesi nyingi, narudia nyingi, ni za tairi na rimu, na hapa ndo nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna kitu mafundi wengi tunakipita na hata mimi nimewahi kukipita.

Kuna mwalimu mmoja anafundisha Lindi, nyumbani kwao ni Mtwara, kila Ijumaa anakuja na IST yake na Jumapili anarudi. Akaniletea, usukani unatetemeka kuanzia 90. Nikashusha tairi, nikazibalansi zote nne (yaani kubandika vizito vidogo vya risasi kwenye rimu mpaka uzito ulingane pande zote), mashine ikasoma sifuri ndani sifuri nje, nikafunga, nikamkabidhi. Jumapili jioni akanipigia. "Fundi, shikamoo, bado." Nikamwambia mwalimu, wiki ijayo ilete tena. Nikabalansi tena. Sifuri. Jumapili akapiga tena, safari hii hata hakulalamika, akasema tu, "Fundi, mimi nakuamini, ila gari bado, na nikifika Mchinga Jumatatu kwenye mafunzo mikono inakuwa na ganzi." Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mtu anakuamini, analipa, halafu hujamsaidia kitu.

Ijumaa ya tatu sikuigusa mashine kwanza. Nilitoa tairi ya mbele kushoto nikaigeuza, nikaangalia mgongo wa rimu, pale panapokaa kwenye habu. Upande mmoja palikuwa panang'aa, chuma kimesuguliwa kimeng'aa kama mwezi mwandamo. Upande wa pili pametulia, na vumbi jekundu la kutu. Maana yake rimu haikuwa imekaa flati, ilikuwa imeegemea upande mmoja. Nikaenda kwenye habu yenyewe, kutu imejenga gamba, ukilikwangua kwa bisibisi linatoka kama magamba ya samaki. Ile gari inalala karibu na bahari Mtwara na inalala karibu na bahari Lindi, chumvi inaila usiku na mchana.

Sasa fikiria. Habu ina upana wa kama sentimita 13. Kutu ya nusu milimita upande mmoja unaona ni kitu kidogo, lakini tairi ina sentimita 62, kwa hiyo ile nusu milimita ikifika ukingoni mwa tairi imeshakuwa milimita 2 na kidogo. Tairi inazunguka ikiyumba. Na mashine ya balansi haiwezi kukuonyesha hili hata siku moja, kwa sababu kwenye mashine rimu imekaa kwenye chuma safi cha mashine, haijakaa kwenye habu yako yenye kutu. Sifuri ya mashine ni ya mashine.

Na haikuishia hapo. Zile rimu za spoti alizinunua kwa mtu, sio zilizokuja na gari. Tundu la katikati lilikuwa milimita 73, na habu ya IST ni milimita 54. Kidole changu kidogo nusura kiingie kwenye ile nafasi. Rimu ya kiwandani inakaa kwenye habu kama kifuniko kwenye sufuria yake, inajiweka katikati yenyewe. Hizi zinategemea nati tu. Na nati zikikazwa gari ikiwa chini, mtu anakaza moja mpaka mwisho ndo anaenda ya pili, rimu inakaa ilipovutwa kwanza, pembeni kidogo ya katikati, basi unaendesha yai.

Nilichofanya: brashi ya waya kwenye habu mpaka chuma cheupe, brashi kwenye mgongo wa rimu, nikafunga tairi ikiwa hewani, nati nimezipeleka zote kwa mkono kwanza huku natikisa tairi ijipange, halafu nikakaza kwa kuruka, moja na ya mkabala wake, kidogo kidogo, nikashusha nikamalizia kwa spana ya kipimo, Toyota ndogo hizi ni 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Mtetemo ukapungua sana ila haukwisha. Nikaagiza ringi za plastiki za 73 kwenda 54 kutoka Dar, zikaja na basi, nikazivika. Jumapili ile simu ilikuja mapema kuliko kawaida, alikuwa ameshafika Mnazi Mmoja, amesimama ananunua korosho za kuwapelekea walimu wenzake. "Fundi, nimefika mia, kimya."

Mafundi wenye mashine, nawaomba na hili. Ukishapata sifuri, legeza tairi, izungushe nusu mzunguko juu ya mashine, ikaze tena, upime. Ikibaki sifuri, umebalansi kweli. Ikikwambia gramu 25, basi tairi haikukaa sawa kwenye koni ya mashine na vile vizito vya risasi ulivyobandika ni vya kurekebisha kosa lako mwenyewe. Dakika 2 tu. Na kabla ya yote osha rimu kwa ndani, gari zinazoshuka kutoka Newala msimu wa mvua zinakuja na udongo mwekundu umeganda ndani ya rimu kama tofali, mtu anabalansi na tope humo humo, likidondoka njiani mtetemo unarudi na anamlaumu mwenye tairi.

Tairi yenyewe nayo inaweza kuwa sio duara, na balansi haitaiponya. Piga jeki, weka bisibisi juu ya kitu kisichotikisika, ncha yake ikaribie kabisa uso wa tairi, izungushe kwa mkono. Ile nafasi inatakiwa ibaki hivyo hivyo mzunguko mzima. Ikifunguka na kufunga zaidi ya milimita 1 na nusu, kuna shida. Jaribu kuigeuza tairi nusu mzunguko juu ya rimu, mara nyingine mlima wa tairi unakuwa umekutana na mlima wa rimu, ukivitenganisha vinafutana.

Kuna mtetemo mmoja ambao sitaki mtu auvumilie hata safari moja. Ni ule unaoongezeka wiki kwa wiki, na unausikia hata spidi 30 kama gari inachechemea. Huo mara nyingi ni waya za ndani ya tairi zimeachana. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi ikiwa hewani, taratibu, utakutana na nundu. Ili ujue na umri wake, soma tarakimu 4 zilizoandikwa mwisho wa namba inayoanza na herufi DOT pembeni ya tairi, 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mwezi uliopita nimetoa tairi ya hivyo kwenye Noah iliyotoka Kilwa na familia, kashata (meno ya tairi) bado imejaa, ukiitazama unasema tairi mpya. Nikaikata kwa msumeno pale kwenye nundu. Mpira ulikuwa umeachana na waya sehemu ya kama kiganja changu, na waya tatu zimeshakatika, ncha zake zimeota kutu. Baba mwenye gari alikishika kile kipande muda mrefu bila kusema, halafu akaenda kumwita mke wake aje akione.