Matumbawe hayashibi mwanga peke yake
Wengi wanaofuga matumbawe nyumbani huamini kuwa nitrati na fosfati (virutubisho vya majini vyenye nitrojeni na fosforasi) zikisoma sifuri kwenye kipimo, basi maji ya tangi ni mazuri. Hapana. Tumbawe ni mnyama. Mwani ulio ndani ya nyama yake humpa sukari kutokana na mwanga, lakini sukari pekee haijengi mwili. Nitrojeni na fosforasi lazima azipate kwenye chakula au majini. Zima taa, subiri saa moja, kisha mulika kwa tochi: utaona vimkono vyembamba vimechomoza, vikinasa windo. Huo ndio wakati wa kumlisha viumbe vidogo sana vya baharini, kidogo tu, maana mabaki yakioza yanachafua tangi. Mimi naridhika na nitrati miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfati 0.03 hadi 0.1. Zikikaa sifuri muda mrefu, tumbawe hupauka.