Kuosha mkeka wa yoga na vifaa vyake: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Kabla hujaumwagia mkeka wako kitu chochote, jua kwanza umetengenezwa na nini. Naanza na hilo maana karibu kila dhana potofu ninayoisikia darasani inatokea hapo hapo, mtu anasikia dawa iliyomfaa mwenzake mwenye mkeka wa PVC (aina ya plastiki), anaenda kuimwaga kwenye mkeka wake wa mpira wa asili, miezi haijapita mingi mkeka unaanza kumenyeka, halafu anasema kauziwa feki. Mimi natunza vifaa vya darasa dogo hapa Dar, mikeka 18, bloku za kujiegemeza, mikanda, mito mirefu na mablanketi, kila Jumamosi jioni nakaa na ndoo yangu na vitambaa navipitia kimoja kimoja, kwa hiyo haya nayoandika nimeyaona kwa macho.

Kupima ni rahisi. Dondosha tone la maji juu ya mkeka. Likikaa vile vile kama umande kwenye jani la mgomba basi mkeka wako haunywi maji, mingi ya PVC ndio ilivyo. Likizama, mkeka wako unakunywa, na kama unakunywa maji basi ujue unakunywa jasho pia. Huo wa kunywa unashika vizuri mikono ikiwa na jasho ila kuusafisha kunataka uvumilivu zaidi. Mpira wa asili utautambua kwa harufu yake ya tairi jipya na uzito wake, ukiubeba begani toka Kariakoo mpaka Ilala utaniambia.

"Mkeka ni wangu peke yangu, wa nini kuuosha?"

Hii naisikia sana na naielewa, mtu anawaza uchafu ni wa wengine. Lakini fikiria unapopita miguu mitupu kutoka chooni mpaka ukumbini, halafu unapanda mkeka, halafu dakika 20 baadaye umeweka paji la uso pale pale palipokuwa na kisigino. Fangasi wa miguu wanatoka kwako na wanarudi kwako, na mbegu zao zinaweza kukaa kwenye vitu kwa miezi zikisubiri unyevu tu. Ndo maana kuna mtu anapaka dawa wiki nne anapona, anarudi kwenye mkeka ule ule, vidole vinaanza tena kuwasha. Choa nao ni ukoo huo huo. Chunjua za nyayo zinaletwa na virusi lakini njia ni ile ile, ngozi iliyolowa na mahali pa kukanyaga.

Na kuna kitu wengi hawajakiona. Ukikunja mkeka ule mviringo wa kawaida, upande wa chini uliokuwa sakafuni unalalia upande wa juu unapoweka uso. Kila mkunjo! Unabeba vumbi la sakafu unalipaka mwenyewe. Mimi nakunja kwanza nusu kwa nusu, juu kwa juu, ndio nauviringisha. Tangu nianze hivyo vitambaa vyangu vya kufutia havichafuki haraka kama zamani.

"Jua ndio dawa ya kila kitu"

Hapa niseme taratibu maana hii tumelelewa nayo. Godoro likilowa, juani. Mto, juani. Muhogo wa unga, juani. Na bibi zetu hawakukosea, jua linakausha na linaua vijidudu vingi. Shida ni kwamba bibi hakuwa na mkeka wa mpira.

Mpira wa asili ni utomvu wa mti, na jua kali pamoja na hewa vinaukata taratibu mpaka unapoteza ule uvutikaji wake, unakakamaa, unapasuka mistari midogo midogo kisha unaanza kuacha unga unga mweusi mikononi. Angalia raba ya manati iliyosahauliwa dirishani, ukiivuta tu inakatika. Mimi mwaka wa kwanza nilianika mikeka minne ya mpira juu ya bati mchana wa Januari, nikaenda kwenye shughuli zangu nikarudi saa kumi. Iliumia pale pale, na ilipofika masika, miwili kati yake nilikuwa nishaitoa kabisa. Iliniuma kwa kweli, ile mikeka nilipewa na mwalimu wangu alipokuwa anahama.

PVC nayo haipendi bati la moto, inalainika na ikipoa inakuwa imejikunja pembe. Kwa hiyo mkeka wowote uanike kivulini penye upepo, barazani au kwenye kamba ndani ya veranda, ugeuze upande baada ya saa moja hivi. Usiutundike kwenye kamba nyembamba siku nzima, itaacha alama katikati. Mti wa ufagio au bomba nene ni bora.

Jua liachie pamba, mablanketi na mito. Hapo bibi yuko sahihi asilimia mia.

"Siki na Jiki, changanya uue vyote"

Hii USIFANYE. Sitaki kuizungusha. Siki ni asidi, Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini ambayo inachoma macho, koo na mapafu, na watu wengi wanafanya hivi bafuni mlango umefungwa. Jiki na dawa ya kusafishia yenye amonia nayo inatoa gesi mbaya. Kama ushachanganya na umesikia harufu kali inayokaba, toka nje kwanza, madirisha wazi, mambo ya mkeka baadaye.

Na hata Jiki peke yake siipendi kwa mikeka, inakausha mpira, inatoa rangi, na ikibaki kwenye mkeka unaonywa maji utaipata usoni siku ya darasa. Siki peke yake basi? Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5 hivi, ukiichanganya na maji mengi inasaidia harufu, hilo kweli, ila kuua vijidudu sio kazi ya kuitegemea. Watu wanaandika mitandaoni siki inaua kila kitu na wengine wanaamini mpaka wanafutia mkeka wa mtu mwenye choa kwa siki tu wanampa mwingine. Hapana jamani.

Kinachofanya kazi kubwa ni sabuni ya kawaida. Matone 3 au 4 ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye nusu lita ya maji, kitambaa laini, unafuta kwa mizunguko, halafu kitambaa kingine chenye maji matupu kuondoa sabuni, halafu kikavu. Ile hatua ya pili ndio watu wanairuka, halafu wanalalamika mkeka unateleza, unateleza kwa sababu una sabuni. Na mikeka ya darasa inayotumiwa na watu wengi ukitaka kuua vijidudu, uoshe kwanza ndio upulizie dawa, maana dawa ikikuta matope ya jasho na mafuta ya ngozi inaishia juu juu. Halafu iache ilowe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kupuliza na kufuta hapo hapo ni kupoteza hela. Spiriti ya asilimia 70 inafanya vizuri kwenye bloku na sehemu ngumu ila kwenye mpira wa asili ukiizoea itaukausha.

Kingine, kwa sisi wa pwani, maji. Nyumba nyingi huku zinatumia maji ya kisima na yana chumvi, ukioshea mkeka yakikauka yanaacha utando mweupe na ukakasi fulani. Suuza ya mwisho tumia maji ya bomba au ya mvua kama unayo. Mimi nakinga ndoo mbili tatu kila mvua ikinyesha, hizo ni za mikeka tu na nyumbani wanajua.

"Unanukia vizuri, basi ni msafi"

Jasho lenyewe likitoka karibu halina harufu, harufu inatengenezwa na bakteria wakishalila. Kwa hiyo ukifunika harufu kwa mafuta ya mchaichai au karafuu, bakteria wapo pale pale wanaendelea na chakula chao. Na mafuta ni mafuta, yanateleza, halafu mpira na mafuta haviendani, unavimba na kulainika. Mafuta ya karafuu yasiyozimuliwa yanachoma ngozi pia, na mtu anaweka shavu pale. Ukipenda harufu, choma udi chumba kizima kabla ya darasa, inapendeza zaidi na hakuna kinachoharibika.

"Tia kwenye mashine ya kufulia, yaishe"

Mikanda ndiyo, ya pamba, maji ya baridi maana ya moto yanaipunguza urefu, na ule mwisho wenye bizimu za chuma uuvike soksi ufunge fundo zisigonge mashine. Ikitoka ikaushe vizuri, hewa ya bahari na bizimu iliyolowa ni kutu moja kwa moja, na kutu haitoki kwenye pamba. Mikeka hapana. Mzunguko wa mwisho wa kukamua unaichana, na wa mpira ukijaa maji ni mzito mpaka unaweza kuumiza hata mashine.

"Bloku za gamba la mti zinajisafisha zenyewe"

Zile za rangi ya kahawia zenye vidoa, gamba ni lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo, linatoka kwenye aina ya mwaloni, Ureno ndio inaongoza duniani kwa kulizalisha, na mti haukatwi, unabanduliwa gamba kila baada ya miaka 9 hivi linaota tena. Ni kweli gamba hilo lina nta yake ya asili, maji hayaingii kirahisi na ukungu haulipendi sana. Wauzaji wamechukua ukweli huo wakauvuta mpaka ikawa "haihitaji kuoshwa". Mafuta ya viganja yanakaa juu, yanaifanya nyeusi na inaanza kuteleza. Kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, futa, kausha. Usiiloweke kwenye beseni, vipande vyake vimeshikwa na gundi. Bloku za sponji ngumu nazo hivyo hivyo ila angalia mikwaruzo, uchafu unajificha mle.

Mbao futa tu. Kama imeanza kutoa vibanzi, msasa laini.

"Mto mrefu umechafuka, uloweke wote"

Angalia ndani kuna nini. Mingi ya asili ina sufi, na watu wa pwani sufi hatuhitaji kufundishwa, magodoro na mito ya nyumbani yalikuwa ya msufi. Nyuzi zake zimepakwa nta na mti wenyewe, zinakataa maji na zinaelea, ndo maana zamani zilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea baharini. Lakini ukiulazimisha mto ulowe kwenye beseni, maji yakishaingia katikati hayatoki leo wala kesho, sufi inajikusanya mabonge na ndani kunaanza kuoza huku nje umekauka unakudanganya. Vua foronya ufue foronya. Mto wenyewe weka juani asubuhi, upige piga kwa kiganja, geuza, mchana uutoe. Vile vile tulivyofanyiwa magodoro.

Mashuka ya Kimasai tunayotumia kama mablanketi hayana shida, ila jekundu jipya lifue peke yake mara ya kwanza. Na wanaokuja kwenye mikeka ya pamoja, njoo na kanga yako. Usiitandike wakati wa kusimama, itateleza uanguke, lakini ule muda wa kulala mwisho, tandika kanga chini ya kichwa na mabega, ukienda nyumbani unaifua. Kwangu hiyo inapunguza kazi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

"Nimeshaufuta, nakunja naondoka"

Ikiwa kuna moja tu utakayoibadilisha naomba iwe hii. Masika huku nguo zinakaa kwenye kamba siku mbili hazikauki, sasa wewe unafuta mkeka kwa maji, unaukunja ukiwa na unyevu, unautia kwenye mfuko wa nailoni, unaufungia buti ya gari mpaka Alhamisi. Ukiufungua kuna madoa meusi na ile harufu ya chumba kilichofungwa. Ukungu ukishaingia ndani ya mkeka unaokunywa maji hautoki, unafuta juu unarudi, na mwenye pumu atakuwa wa kwanza kuusikia. Fika nyumbani uufungue, uulaze juu ya viti viwili usiku kucha na feni kama ipo. Mfuko wa kubebea uwe wa kitambaa cha kupitisha hewa, kitenge kinatosha na fundi anakushonea kwa nusu saa.

Mkeka uliokwisha utaujua, unaacha unga, umeachia mashimo pale unapokanyaga, au harufu haitoki hata uoshe vipi. Kama sababu sio ukungu usiutupe. Mimi naukata vipande vya kuweka chini ya magoti, wamama wa darasa la asubuhi wenye magoti ya kuuma wanavipenda kuliko mikeka mipya, na kila kimoja nakiandikia jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito nyuma.