Rubani wa akiba na miwani: nani kawadanganya?

Jamani nimechoka. Juzi tena kaja kijana wa Newala hapa kliniki Mtwara mjini, namwambia vaa miwani tupime, ananijibu "dokta nimeiacha miezi sita sasa, nataka macho yajirudi, rubani wa jeshi la akiba haruhusiwi miwani". Mama ake kauza korosho kumnunulia! Ipo ndani ya begi, kaiviringa kwenye soksi.

Sasa sikia mwanangu. Macho yasiyoona mbali hayajirudi kwa kuyanyima miwani, na karoti pia tuache, maana mara nyingi jicho lenyewe limerefuka kidogo, utalifupisha vipi kwa karoti? Halafu miwani haikatazwi. Rubani wa kiraia kwenye cheti cha afya daraja la 1 anatakiwa afike 6/9 kila jicho (yaani asome kwa mita 6 kile mwenye macho mazima anachosoma kwa mita 9) na 6/6 yote mawili, tena miwani ruksa, ila awe na nyingine ya ziada akiruka. Hata hao Air Force Reserve, jeshi la akiba la anga la Marekani, ambao kijana huyu anawaangalia YouTube, wanapokea mpaka 20/70 bila miwani, yaani kama 6/21 yetu, mradi ukivaa ufike 20/20. Yeye bila miwani kaishia 6/18, kavaa kasoma mpaka 6/6. Miezi sita kakaa darasani haoni ubao, bure kabisa!

Kinachomkwamisha wala sio macho, ni uraia. Rubani kule ni ofisa, na ofisa lazima awe raia wa Marekani mwenye digrii, green card, kile kibali cha kuishi kule, haitoshi. Na kwetu jeshi la akiba ndo mgambo, ukipiga kwata mpaka jioni ndege hutaiona.

Eti lazima uwe na leseni ya urubani kwanza? Wala, raia wa kule anaomba hana leseni, wanamfundisha wenyewe. Kazi ya wikiendi tu? Ukishafuzu unadaiwa miaka 10 ya utumishi.

Na nyie mnaokariri kwenye simu kile kitabu cha kupima kama unaona rangi, chenye namba za vidoti vya rangi, namba zote kwa mpangilio, mjue nachanganyaga kurasa. Ile 12 ya mwanzo hata asiyeona rangi anaisoma. Mmoja wa Nachingwea nilimfungulia 74, kanijibu haraka haraka "8 dokta" kama alivyokariri, hata hajaangalia.