Mwaka 1582: siku 10 zilizofutwa, na dunia isiyokubaliana tarehe

Teresa wa Avila, mtawa wa Kihispania ambaye baadaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu, alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582 katika mji wa Alba de Tormes. Alizikwa kesho yake, tarehe 15 Oktoba. Mchapaji hakukosea. Usiku ule ule Hispania, Ureno, sehemu kubwa ya Italia na dola ya Poland na Lithuania ziliiacha kalenda ya Julius Kaisari na kuanza kutumia ile tunayoitumia leo maofisini na mashuleni, na siku 10 za katikati hazikuhesabiwa kabisa. Ndiyo sababu sikukuu ya mtakatifu huyo huadhimishwa tarehe 15.

Sisi tunaofanya kazi na nyaraka za kale tunaupenda mwaka huu kwa sababu unatufundisha adabu. Mtu akitafuta intanetini yaliyotokea duniani mwaka 1582 atapata orodha ndefu: vita hapa, mfalme kule, tarehe moja chini ya nyingine, kana kwamba wote waliohusika walikuwa na kalenda moja ukutani. Hawakuwa nayo. Tarehe nyingi katika orodha hizo zimewekwa na watu waliokuja baadaye, na wawili kati yao wanaweza kuliandika tukio lile lile kwa siku tofauti na wote wakawa sahihi.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kalenda ya Kaisari iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo, na robo nne zilikusanywa kuwa siku moja ya ziada kila mwaka wa nne. Lakini jua hukamilisha mzunguko wake wa majira mapema kidogo kuliko hapo, kwa takriban dakika 11. Dakika 11 kwa mwaka ni kitu kidogo, hakuna mkulima atakayezihisi. Zikijilimbikiza kwa miaka 128 zinakuwa siku nzima. Tangu Mtaguso wa Nicea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ambao majira yake ndiyo yaliyotumiwa kupangia Pasaka, hadi 1582 ni miaka 1,257, na tofauti ilikuwa imefika karibu siku 10. Siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana, iliyotarajiwa tarehe 21, ilikuwa inaangukia tarehe 11. Pasaka hupangwa kwa kufuata siku hiyo pamoja na mwezi mpevu, kwa hiyo Kanisa liliona sikukuu yake kubwa inateleza polepole kutoka mahali pake.

Aliyepata dawa ni tabibu wa Calabria, kusini mwa Italia, Aloysius Lilius, na hakuishi kuiona ikitumika. Alifariki 1576, na ndugu yake Antonio ndiye aliyepeleka mswada Roma. Huko Christopher Clavius, mtawa wa shirika la Wajesuiti na mwanahisabati wa Kijerumani, aliupitia na kuutetea kwa miaka mingi. Papa Gregori XIII alitoa hati Februari 1582 yenye maagizo mawili makubwa. Kwanza, zifutwe siku 10 za Oktoba ili majira yarudi mahali pake. Pili, miaka ya karne (inayoishia na sifuri mbili) isiwe mirefu, yaani yenye siku 366, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Kwa hiyo 1700, 1800 na 1900 haikuwa na Februari 29, lakini 2000 ilikuwa nayo. Kwa kanuni hiyo kosa lililobaki ni chini ya nusu dakika kwa mwaka. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa kazi bora za karne ile, na ulifikiwa bila darubini, kwa sababu darubini ilikuwa bado haijaanza kuelekezwa angani.

Sasa tuitazame Ijumaa ile ya kwanza, tarehe 15 Oktoba, kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi. Malindi, Pate, Kilwa na Mombasa hakuna kilichofutwa. Waislamu wa pwani walikuwa katikati ya mfungo, mwaka 990 wa Hijria, na kwa hesabu ya majedwali siku ile ilikuwa mwezi 17 Ramadhani, siku ambayo Waislamu hukumbuka vita vya Badri. (Mwandamo wa mwezi unaweza kupisha siku moja kati ya mji na mji, kama ilivyo hadi leo.) Jana yake ilikuwa mwezi 16. Roma ilitoka 4 ikaingia 15. Pwani ilitoka 16 ikaingia 17. Usiku ni ule ule.

Istanbul nako hakuna aliyetikisika. Kwa watu wa mji huo mwaka ule ulikuwa mwaka wa sherehe. Sultani Murad III alimfanyia tohara mwanawe, mwanamfalme Mehmed, kwa shangwe zilizopita siku 50 katika uwanja wa At Meydanı. Vyama vya mafundi vilipita mbele ya sultani kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikionyesha kazi yake kwenye mikokoteni: waoka mikate, wafumaji, wapuliza vioo, washona viatu. Wachoraji wa ikulu wakiongozwa na Nakkaş Osman waliyachora maandamano hayo katika kitabu ambacho bado kipo Istanbul, na mtu anayetaka kujua fundi wa karne ya 16 alishikaje chombo chake hana haja ya kusoma maneno mengi, picha zinatosha. Mji huo huo, miaka miwili kabla, ulikuwa umekibomoa kituo cha kutazamia nyota cha Taqi al-Din, mmoja wa wanafalaki hodari wa zama zake. Inaumiza kufikiria kwamba vipimo vyake vilikatizwa wakati huo huo ambapo Roma ilikuwa ikitafuta vipimo kama hivyo.

India ndiko ninakotaka msomaji akae kidogo, maana huko kalenda ilikuwa inasumbua kwa sababu nyingine kabisa. Himaya ya Akbar, mfalme wa ukoo wa Wamughali, ilikuwa na mamilioni ya wakulima, na serikali ilitumia mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11. Mazao hufuata jua na mvua. Kodi ikidaiwa kwa mwaka wa mwezi, ndani ya miaka 32 ya jua mkulima atajikuta amedaiwa ya miaka 33, na ule mmoja wa ziada hauna mavuno. Mwaka 1582 Akbar aliagiza iandikwe historia ya miaka elfu ya Uislamu, kwani mwaka 1000 wa Hijria ulikuwa unakaribia, na akataka miaka yake ihesabiwe tangu kufariki kwa Mtume badala ya kuhama kwake. Miaka miwili baadaye, 1584, alitangaza kalenda mpya ya jua kwa ajili ya dola, iliyopangwa na Fathullah Shirazi, mwanazuoni wa Kiajemi, na kuhesabiwa tangu mwanzo wa utawala wake, 1556. Papa alisukumwa na Pasaka, Akbar akasukumwa na kodi. Watawala wawili, kila mmoja kwa sababu zake, waliamua katika miaka ile ile kwamba hesabu ya siku ni jambo la serikali.

Japani mwaka 1582 ilikuwa ikimwaga damu. Tarehe 21 Juni kwa kalenda ya Kaisari, au tarehe 1 Julai kwa kalenda ya Gregori ukiirudisha nyuma, au siku ya 2 ya mwezi wa 6 mwaka wa 10 wa enzi ya Tenshō kwa Wajapani wenyewe, Oda Nobunaga, mbabe wa vita mwenye nguvu kuliko wote nchini, alizingirwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide katika hekalu la Honnō-ji, Kyoto, akajiua. Siku 11 baadaye Mitsuhide mwenyewe alishindwa vitani na Toyotomi Hideyoshi, jemadari mwingine wa Nobunaga. Vitabu vingi huandika 21 Juni bila maelezo, ilhali Japani haikuwahi kutumia kalenda ya Kaisari. Tarehe hiyo ni tafsiri, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Miezi minne kabla ya mauaji hayo, vijana wanne Wakristo wa Kijapani waliondoka Nagasaki kwa merikebu ya Wareno kwenda kumwona Papa. Nao ni Mancio Itō, Miguel Chijiwa, Julião Nakaura na Martinho Hara. Walichukua zawadi ya Nobunaga, pazia la kukunja lililochorwa kasri lake la Azuchi, na zawadi hiyo ilifika Roma mwenyewe akiwa ameshakufa zamani. Walipokelewa na Gregori XIII Machi 1585, majuma machache kabla naye hajafariki. Wakiwa njiani kurudi walikwama miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji wakingojea upepo, kwa hiyo wapo Wajapani walioingoja kusi katika pwani yetu ya Afrika miaka zaidi ya 400 iliyopita. Walifika kwao 1590 na kukuta Hideyoshi amekwisha kutoa amri ya kuwafukuza wamisionari.

Turudi 1582. China ilimpoteza Zhang Juzheng, waziri mkuu aliyekuwa ameagiza mashamba yote ya dola yapimwe upya na kusukuma kodi ilipwe kwa madini ya fedha. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Matteo Ricci alitua Macau. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Clavius, na miaka zaidi ya 60 baadaye Wajesuiti waliofuata nyayo zake walikabidhiwa kazi ya kalenda ya mfalme wa China huko Beijing. Mashariki ya Urusi, Yermak na Wakozaki wake waliuteka mji wa Khan Kuchum wa Siberia mwezi wa Oktoba, Oktoba ya Kaisari, kwa kuwa Moscow haikubadilisha kitu.

Julai, katika bahari ya visiwa vya Azores, amiri wa Hispania Álvaro de Bazán alizishinda meli za Ufaransa zilizomuunga mkono Dom António, aliyedai kiti cha Ureno. Ushindi huo unatuhusu. Ulimthibitisha Filipo II wa Hispania kuwa mfalme wa Ureno pia, na kwa hiyo bwana wa ngome ya Msumbiji na mlezi wa marafiki wa Ureno kama Malindi. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilijengwa kwa amri yake.

Waliokataa kalenda mpya walikuwa wengi. Patriaki Jeremia II wa Konstantinopoli, kiongozi wa Wakristo wa Kiorthodoksi, aliikataa, na Waprotestanti wa Ujerumani na Uingereza waliona mkono wa Papa ndani yake. Uingereza ilikubali 1752, na kufikia hapo ilibidi ifute siku 11. Urusi ilingoja hadi 1918 ikafuta 13, na kwa sababu hiyo Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 yanaangukia Novemba tukiyahesabu sisi. Ethiopia inaendelea na kalenda yake hadi leo.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na kalenda nyingine pembeni ya Hijria, na bado inayo: ile ya Nairuzi, ya wavuvi, mabaharia na wakulima, inayohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi hadi kutimia siku 365. Haina mwaka mrefu. Kwa sababu hiyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao siku hizi huogwa Julai, husogea nyuma takriban siku moja kila miaka minne. Ukiirudisha hesabu hiyo hadi 1582 unapata Nairuzi inayoangukia karibu na mwanzo wa Novemba, kaskazi ikikaribia.

Ukikutana na barua, kaburi au kitabu chenye tarehe ya zama hizo, kwanza uliza imeandikwa wapi na kwa kalenda ipi, kisha tafuta jina la siku. Papa alifuta siku 10 za mwezi lakini hakuigusa wiki: tarehe 4 ilikuwa Alhamisi na tarehe 15 ikawa Ijumaa, kwa Wakristo, Waislamu na Wayahudi sawasawa. Mwandishi aliyeandika "Ijumaa" pembeni ya tarehe yake amekuachia ushahidi. Jina la siku likigoma kuafikiana na tarehe kwa tofauti ya siku moja, fikiria mwandamo wa mwezi. Likikubali kwa kalenda ya Kaisari na kukataa kwa ya Gregori, umeshajua mwandishi alihesabu kwa ipi, na hapo ndipo unaweza kuipanga barua yake kabla au baada ya nyingine.