Hakuna chuo kilichomchagua Adams

Juzi tena kijiweni nimemsikia mtu anaeleza kwa kujiamini kabisa eti uchaguzi wa Marekani wa 1824 "chuo cha uchaguzi" kilimpokonya Andrew Jackson urais kikampa John Quincy Adams. Hiki chuo nimekivumilia miaka mingi, leo acha niseme.

Kwa kifupi, Mmarekani akipiga kura ya urais anachagua wajumbe wa jimbo lake, na hao wajumbe ndo wanampigia rais. Kundi la hao wajumbe kwa Kiingereza ni "electoral college", ndo hicho watu wanachokiita chuo cha uchaguzi. Mwenye zaidi ya nusu ya wajumbe wote kashinda. Basi.

Sasa hilo neno. Kiingereza wanasema "college", mtu akiliona tu anawaza mabweni na mitihani. Kumbe limetoka Kilatini, collegium, yaani kundi la watu waliopewa kazi moja, na ndugu yake ni collega, mwenzako wa kazini. Makardinali wanaomchagua Papa nao kwa Kiingereza ni "college" hiyohiyo, mbona sisi tunasema Baraza la Makardinali na hakuna aliyewapeleka chuoni? Na chuo chetu nacho kina historia yake, wazee wa pwani walikuwa wakisema chuo wanamaanisha kitabu, ndo maana tuna mwanachuoni, baadaye likahamia mahali watoto wanaposomea. Kwahiyo ukisema chuo cha uchaguzi umetaja kitabu na darasa, wapiga kura wenyewe hawamo. Halafu katiba yao hata haina hilo jina, imeandika wajumbe tu, na hao wajumbe hawakai sehemu moja, kila jimbo wanapigia kwao.

Na ni watu kweli. 1824 majimbo sita wananchi hawakuulizwa kabisa, wabunge wa jimbo ndo waliteua wajumbe, New York ikiwemo, na wajumbe wake 36 wakagawanyika kwa wagombea wanne: 26 kwa Adams, 5 kwa William Crawford, 4 kwa Henry Clay, mmoja kwa Jackson. Chuo gani hicho?

Nchi nzima wajumbe walikuwa 261, zilitakiwa kura 131. Jackson 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Jackson aliongoza, hata kura za wananchi alikuwa na kama asilimia 41 na Adams kama 31, ila kuongoza siyo kupita nusu, Mkenya wa hamsini jumlisha moja ananielewa hapa. Tofauti ni kwamba kule hakuna duru ya pili, mambo yanaenda Baraza la Wawakilishi, yaani bunge lao la chini, wanaingia watatu wa juu tu na kila jimbo lina kura moja. Clay wa nne akatoka, lakini ndo alikuwa spika wa baraza hilohilo, akamuunga mkono Adams. Tarehe 9 Februari 1825 Adams akapata majimbo 13 kati ya 24, Jackson 7, Crawford 4. Adams akampa Clay uwaziri wa mambo ya nje, watu wa Jackson wakapiga kelele za dili chafu mpaka uchaguzi uliofuata.

Kwahiyo kaka yangu wa kijiweni, hasira zako kwa ajili ya Jackson nazielewa, ila umezielekeza siko. Wajumbe walimpa Jackson kura nyingi kuliko wote. Waliompa Adams urais ni Baraza la Wawakilishi, kawalaumu hao.