Oksijeni haimmalizi mtoto

Kigoma, kama kwingineko, kuna imani ya siku nyingi kwamba mtoto akishawekewa oksijeni, hasa akiunganishwa na mashine ya kupumulia, hatapona. Chanzo chake kinaeleweka: vifaa hivyo hupewa walio hoi zaidi, na baadhi yao hufariki navyo vikiwa puani. Lakini kinachoua ni ugonjwa, mara nyingi nimonia iliyojaza majimaji kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Kwa kawaida oksijeni huanzishwa kipimo cha kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, kikisoma chini ya asilimia 90. Mtoto mchanga hupewa nusu lita hadi lita 1 kwa dakika. Mwenye miezi kadhaa, lita 1 hadi 2. Haimzoeshi, hupunguzwa kidogo kidogo hadi kuondolewa. Mashine husukuma hewa kwa uangalifu, takriban mililita 5 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito, maana pafu gonjwa likijazwa kupita kiasi huumia. Mtoto aliye kwenye mashine hupewa dawa ya kumtuliza. Ukimya wake huo wala usikutishe.

Mwombe muuguzi akuonyeshe namba kabla na baada ya kuwekewa. (Kidole chenye hina au baridi huweza kudanganya kipimo, kihamishiwe kwingine.) Nyumbani, hesabu pumzi kwa dakika 1 nzima mtoto akiwa ametulia. Zinazotia shaka: kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi; wa miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi; wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri kuche.