Imla si ukali, wala si ukosefu wa sheria

Wiki iliyopita, ndani ya daladala iliyokuwa ikitoka Mbagala kwenda Kariakoo, kondakta aliwaamuru abiria waliosimama mlangoni wasogee nyuma, na mama mmoja aliyepakata ndoo akalalamika kwa sauti kwamba huu sasa ni utawala wa imla. Siku mbili baadaye, kwenye kijiwe cha kahawa Magomeni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alikosea kwa upande wa pili, na kosa lake ndilo lililonifanya niandike. Alisema kwamba sheria ikishapita bungeni kwa kura za wengi, mtu hana haki tena ya kutaja imla, kwa kuwa imla maana yake ni kutawala bila sheria.

Utawala wa imla ni ule ambamo mtu mmoja au kundi moja huamua kila kitu, na vyombo vilivyowekwa ili vijadili, vikubali au vikatae hubakiwa na kazi ya kuandika tu kile kilichokwisha kuamuliwa. Maana ni hiyo. Kinachostahili nafasi zaidi ni neno lenyewe, kwa sababu karibu kila Mtanzania amelijua tangu shule ya msingi, kisha akikutana nalo katika siasa analisahau.

Imla ni lile somo ambalo mwalimu husoma na wanafunzi huandika. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akisoma kila sentensi mara mbili, akitamka hata alama, "mkato", "nukta", "aya mpya", huku akitembea kati ya madawati ili asiwepo wa kuchungulia daftari la mwenzake. Siku moja alisoma kwamba mwezi wa Februari una siku thelathini. Mimi nikaandika ishirini na nane, nikidhani amekosea, na daftari likarudi na mkwaju mwekundu juu ya jibu langu. Nilipouliza, alinijibu kwa upole kabisa kwamba katika imla haulizwi ukweli, linaulizwa lililosomwa. Hakunichapa wala hakupandisha sauti, na kwa kanuni za somo lile alikuwa sahihi.

Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako imlaa ni kumsomea mwandishi maneno ili ayaandike. Lina uhusiano wa karibu na dikteta pia, kwani mzizi wa neno hilo la Kilatini ni kitenzi chenye maana hiyohiyo ya kumtamkia mtu maneno aandike. Kwa hiyo waliotuwekea "utawala wa imla" mahali pa "udikteta" hawakubahatisha. Huko Roma ya kale dikteta alikuwa ofisa halali, aliyeteuliwa wakati wa hatari, kwa kawaida kwa muda usiozidi miezi sita, ingawa Julius Caesar alifanywa dikteta wa maisha mwaka 44 kabla ya Kristo. Tangu asili, basi, neno hili halikuwa jina la mtu aliye nje ya sheria.

Kuna jambo jingine katika asili hiyo ambalo mimi naliona ndilo kiini, na ambalo watu wa vijiwe vya kahawa, ambao wengi wao wamepita madrasa, wanalijua kuliko mimi. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ile ndefu kuliko zote katika Kurani, waumini wanaagizwa kuandikiana deni, na mwandishi anaagizwa aandike kwa uadilifu. Lakini nani amsomee mwandishi? Aya haimpi kazi hiyo mwenye mali. Inampa yule mwenye kudaiwa, na akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake asome kwa niaba yake kwa haki. Anayefungwa na maandishi ndiye anayepewa sauti ya kuyatamka. Kutamkia mwandishi, kwa hiyo, si dhuluma kwa asili yake. Dhuluma huingia pale sauti inapotoka kwa yule anayefunga wenzake, na wale wanaofungwa wakabaki kuandika.

Tukiwa na hilo, tulitenganishe neno hili na jirani zake. Mabavu ni nguvu ya mwili, na utawala wa mabavu unahitaji virungu. Ubabe ni tabia ya mtu, na anaweza kuwa nao kondakta, mwenye nyumba au mkuu wa idara. Imla inahitaji kalamu na watu wa kuandika, na pengine hufanyika katika ukumbi wenye zulia, kwa lugha ya staha, huku kila kanuni ikifuatwa: muswada husomwa mara ya kwanza, ukapelekwa kwenye kamati, ukasomwa mara ya pili na ya tatu, Spika akawahoji wabunge, na walioafiki wakashinda. Hatua hizo zote zinaweza kutimia huku hakuna hata mmoja ukumbini aliyeruhusiwa kuandika ishirini na nane.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona jinsi hilo linavyowezekana. Katika uchaguzi wa 1960, TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, ilipata viti 70 kati ya 71, na mwaka 1962 Bunge la Tanganyika, lililokuwa likikutana katika Ukumbi wa Karimjee hapa Dar es Salaam, lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi. Zilikuwa sheria halali, zenye namba na mwaka. Hata leo Katiba yetu, katika ibara ya 100, inamhakikishia mbunge uhuru wa mawazo ndani ya Bunge, lakini katika ibara ya 71 inamvua ubunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka. Chama kinachoweza kumfukuza uanachama kinaweza pia kumsomea la kuandika, na mimi naamini ibara hizi mbili haziwezi kukaa pamoja kwa amani.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Ujerumani. Tarehe 23 Machi 1933 wabunge 444 walipiga kura dhidi ya 94 na kumpa Hitler na mawaziri wake uwezo wa kutunga sheria bila Bunge. Mabavu yalikuwapo, kwani wabunge wa chama cha Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au kufukuzwa, na wanamgambo wa Nazi walijaa ukumbini. Hata hivyo kilichotakiwa mwishoni kilikuwa kura, kwa sababu bila kura hiyo udhalimu usingepata mwandiko wa sheria.

Lakini si kila matumizi mabaya ya wingi wa kura yafikie kuitwa imla. Mwezi Desemba 2018, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, wabunge wa chama cha Republican walipitisha sheria za kupunguza mamlaka ya gavana wa Democratic aliyekwisha kuchaguliwa, wiki chache kabla hajaapishwa, na gavana aliyeshindwa akazitia saini. Hiyo ni hila ya chama iliyovaa joho la Bunge, na ni hatari kweli, lakini gavana mpya aliapishwa na watu wakaenda mahakamani kuzipinga. Palipo na anayeweza kukataa na akasikilizwa, tuseme hila, au upendeleo wa chama, na neno imla tulitunze.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukisikia tena kwamba sheria fulani imepita kwa kura nyingi, nakuomba usiishie kuzihesabu kura. Uliza pia nani aliisoma, na kama kulikuwa na aliyeruhusiwa kuandika tofauti. Na mama yangu wa kwenye daladala, kondakta yule alikuwa mbabe tu, nawe ulimjibu, na hukusogea nyuma.